Mwanamke wa Kwenye Spika

Duka lao lilikuwa chumba chembamba kilichobanwa kati ya kinyozi na duka la dawa. Mbele kulikuwa na kaunta ya mbao, nyuma ya kaunta alikaa Redio, na ndani kabisa, chini ya taa ya shingo ndefu, ndipo ilipokuwa meza ya Kimya. Majina hayo walibandikwa shuleni, nao wakayazoea. Kimya alikuwa kijana aliyezaliwa kiziwi. Redio alikuwa msichana asiyeona, na jina lake lilimstahili, maana tangu kukicha hadi anapopitiwa na usingizi mdomo wake ulikuwa hewani.

Shule yao ya bweni iliwaweka viziwi upande huu na wasioona upande ule, ukuta ukiwatenga kana kwamba wakichanganyika kutatokea mlipuko. Wawili hawa walikutana bombani. Kimya alimfundisha Redio ishara kwa kumkunja vidole: hii ni maji, hii ni subiri, hii ni mwalimu wa zamu anakuja. Baadaye wakapata utaratibu wao. Redio akitaka kusema jambo, anazitupa ishara hewani na Kimya anaziona. Kimya akitaka kusema, anazifanya ndani ya viganja vya Redio. Watu waliowaona kwa mara ya kwanza walidhani wanapigana. Mara nyingine walikuwa wanapigana kweli.

Duka lilitokana na mradi wa kuwasaidia vijana wenye ulemavu kuanzisha biashara zao wenyewe. Mshauri waliyepangiwa alikuwa mtu mzima mwenye mkono mmoja, aliyeuza vipuri vya simu nusu ya maisha yake, na hakuwa na maneno ya asali. "Mteja akija kwa huruma atakuja mara moja tu," aliwaambia siku ya kwanza ya mafunzo. "Mimi nataka arudi kwa sababu simu yake ilipona." Aliwatafutia chumba, akawapa pasi ya kuchomelea, mashine ya kupuliza hewa ya moto, kioo cha kukuzia na vibano vya kila ncha. Halafu akawa anapita bila taarifa, anasimama mlangoni, anatazama, anaguna, anakwenda zake.

Kazi ikashika. Kimya alikuwa na mkono mwepesi usiotetemeka hata kwenye nyaya nyembamba kuliko unywele, na Redio alijua kumshika mteja kwa maneno. "Kioo kimepasuka? Usiniulize mimi kinafananaje, muulize yule pale." Simu yenye matatizo ya sauti ilipita kwa wote wawili. Kimya aliweka ncha ya kidole juu ya spika akausikilizia mtetemo, kisha Redio akaiweka sikioni. Kama mmoja hakuridhika, simu haikutoka.

Wa kwanza kurudi na lalamiko la ajabu alikuwa mwalimu wa chekechea, mama mpole ambaye hata akikasirika huongea kama anasomea watoto hadithi.

"Dada, simu mmeitengeneza vizuri," alisema, "lakini ina mwanamke."

"Ina nini?"

"Nikipiga, nyuma ya mazungumzo kuna mwanamke anaimba. Haimbi maneno. Ameifumba midomo, mmm, mmm, hivyo. Nilidhani yuko upande wa pili. Nikampigia dada yangu, naye akaniuliza mimi nimekaa na nani."

Redio akacheka, akanyoosha mkono apewe simu. Alipoiweka sikioni alisikia kwanza ule mchakacho wa laini iliyo wazi. Akasubiri. Chini ya mchakacho ule, polepole, mwanamke akaanza. Alikuwa karibu mno, kama mtu aliyeketi nyuma yako mmeegemea ukuta mmoja. Wimbo ulipanda taratibu, ukapanda tena, halafu mahali fulani ukakatika, kama pumzi imegoma. Kukawa kimya. Kisha akaanza upya kutoka chini.

Alimgeukia mwenzake, akampa ishara: humu ndani kuna mtu anaimba. Kimya alimtazama mwalimu, akamtazama Redio, akaifungua simu. Akaitoa spika, akaweka nyingine mpya kutoka kwenye pakiti. Redio akasikiliza. Mwanamke alikuwa amehamia kwenye ile mpya.

Baada ya mwalimu akaja dereva wa teksi, baada ya dereva akaja muuza nyama. "Mke wangu ananiuliza ni nani anayeimba nikiwa buchani," alisema kwa sauti ya kutaka ugomvi. "Nimwambie nini? Ng'ombe?" Huyo angalau aliwachekesha. Lakini alikuja pia mama mmoja kijana mwenye mtoto mchanga, akaiweka simu juu ya kaunta, akaisukuma mbali kwa kidole. Alisema mtoto wake ni wa kulia kutwa nzima. Ila simu ikiwa karibu hunyamaza, hutoa macho, na hutazama juu ya bega la mama yake kama anayemtazama mtu aliyesimama pale. "Sitaki kurudishiwa," alisema. "Kaeni nayo."

Redio alianza kupanga mambo kichwani. Simu zilizobadilishwa vioo hazikuwa na neno. Zilizotengenezwa tundu la chaji hazikuwa na neno. Mwanamke aliimba kwenye zile tu ambazo kidole cha Kimya kilikuwa kimegusa spika.

Maneno hayakawii mtaani. Kinyozi alichungulia akasema wateja wake wanamuuliza kama ananyoa na majini. Alisema kwa utani, ila alifunga dirisha la upande wao. Watu waliozoea kupita mlangoni wakaanza kupita ng'ambo ya barabara. Redio alizitambua nyayo zao, akajua ni nani na nani wanaomkwepa.

Mshauri alipopata habari alikuja na uso wa kazi. Alikuwa na jibu tayari: kuna kituo cha redio jirani, mawimbi yanaingiliana. Akaichukua simu ya mwalimu, akaitoa laini. Akaitoa betri. Mwishowe akamwomba Kimya aing'oe spika yenyewe, akailaza mezani, kidude kidogo kama ukucha, hakina waya, hakikuunganishwa na kitu chochote duniani.

"Haya," alisema. "Sikiliza."

Redio akainama hadi shavu likagusa mbao. "Bado anaimba, mzee."

Mshauri naye akainama. Kisha kiti chake kikakwaruza sakafu. Alipozungumza, aliishusha sauti kama mtu aliye wodini. "Nitarudi," alisema.

Alirudi kesho yake na pendekezo. Mradi ulikuwa na kikundi cha kutengeneza mishumaa, chumba chao kina nafasi, wangeweza kuhamishiwa huko.

"Sisi si makochi ya kuhamishwahamishwa," Redio alimjibu. "Ulituambia tuwe na duka letu. Hili ndilo duka letu."

"Mwanangu, nimeona biashara zikifa kwa panya, kwa moto, kwa shemeji. Kwa hili sijui nikushauri nini."

Kimya aliyatazama hayo yote akiwa mezani kwake. Aliona midomo ikienda, akaona nyuso zikibadilika. Maisha yake yote nyuso za watu zilibadilika kwa mambo ambayo yeye hakuwemo, na alishajifunza kuyaacha yapite. Hili lilimkaba. Mshauri alipoondoka tu alikuja kaunta, akaishika mikono ya Redio kwa nguvu, ishara zake zikawa kama makofi.

Mnanichezea. Wote. Na wewe pia.

Nikuchezee ili nipate nini?

Sijui. Anayesikia ndiye anayejua.

Redio aliumia. Wangeweza kugombana hadi jioni, lakini aliona maneno hayatamfikisha mtu popote. Akakitwaa kiganja cha Kimya, akakibandika kifuani pake, chini kidogo ya koo. Akafumba midomo, akauimba wimbo ule kama alivyousikia: ukapanda, ukapanda tena, ukakatika, akanyamaza, akaanza upya.

Uso wa Kimya hakuuona. Mkono ndio uliomwambia. Kwanza ulikuwa mgumu kama ubao. Kisha ukalegea, ukawa mzito, uzito wa mkono wote ukamwangukia kifuani. Kisha ukaanza kutetemeka, mkono ule ambao haukutetemeka hata kwenye nyaya. Ghafla ukaondoka. Redio alisikia kiti kikianguka, nyayo zikikimbia barabarani, halafu pua yake ikanasa harufu ya mbao inayoungua. Pasi ya kuchomelea ilikuwa imeachwa mezani ikiwa moto. Aliufuata waya kwa kupapasa hadi ukutani, akauchomoa.

Asubuhi iliyofuata aliyekuja dukani ni mama mdogo wa Kimya, yule aliyemlea. Alikuwa mfua nguo wa hotelini, na sabuni na wanga vilinukia kabla hajafika mlangoni. Hakusalimia.

"Mtoto amekuja kwangu jana hasemi, hata kwa mikono," alisema. "Amekuja tu, akauegemeza uso wake mgongoni kwangu, akakaa hivyo. Kijana mzima yule, ana ndevu. Mmemfanya nini?"

Redio akaitafuta ile spika ya simu ya mwalimu, akaishika kwa kibano, akamsogezea sikioni. Alingoja kelele, maombi, au mama wa watu kutoka mbio.

"Dada," mama mdogo alisema taratibu.

Akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Huyu ni dada yangu. Mama yake. Alimbeba mgongoni kutwa, akifua, akipika, akifagia, na kutwa alikuwa anamwimbia hivi hivi. Tulimcheka. Tulimwambia, we mwanamke, unamwimbia kiziwi? Akasema, ananisikia kwa mgongo. Na kweli, akinyamaza tu mtoto anaamka."

"Na hapa anapokatikia, mama?"

"Hapo ndipo kifua kilipokuwa kinambana. Aliugua kifua. Mwishoni hakuweza kupita hapo, anafika, pumzi inakatika, anaanza tena." Akajifuta uso kwa kanga. "Alikufa ameketi, mtoto bado amefungwa mgongoni. Tulipomfungua, mtoto alikuwa amelala fofofo."

Kimya alirudi dukani siku hiyohiyo alasiri, mama mdogo ameshamweleza yote. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumwomba Redio awaite wateja wote wenye simu za mwanamke, awaambie watawekewa spika mpya bure. Redio akamweleza habari ya kidole, naye akavaa glavu za mpira ili kisiguse. Spika mpya zikakaa kimya na wateja wakaondoka na furaha zao. Zile za zamani akazitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akalifunika, akaliweka kati ya mgongo wake na kiti. Kisha akaegemea.

Redio aliona ni haki yake. Nani angemnyima? Alimwacha siku hiyo, na siku iliyofuata.

Lakini Kimya hakuinuka. Alikuja asubuhi, akaegemea kopo, akakaa. Simu zikarundikana mezani zimefunguliwa matumbo. Redio akawa anawaambia wateja fundi anaumwa, na kila alipolisema hilo lilizidi kuwa kweli. Kopo lilianza kusikika hadi kaunta, bila mtu kulisogelea. Feni ilipozungushwa kwa kasi yake yote wimbo ulipita katikati ya mapanga yake ukamfikia vilevile, ukapanda, ukakatika, ukaanza upya. Na Kimya alikuwa anapungua. Alipoongea viganjani mwa Redio ishara zake zilikuwa fupi, nzito, za mtoto anayejifunza. Maji. Subiri. Mama. Redio alimshika shingo siku moja kumpima homa, akakuta haina homa. Ilikuwa imelegea, kichwa kinainamia upande kama cha kichanga ambaye bado hajakaza shingo.

Hapo ndipo Redio alipoelewa. Wimbo ule ulikuwa wa kubembeleza, na mtoto alikuwa anabembelezeka.

Ilikuwa mchana, mvua imewafukuza watu barabarani na kinyozi amezima redio yake kwa kuogopa radi. Redio alikuwa kaunta, akiusikiliza wimbo kwa sababu hakukuwa na namna ya kutousikiliza. Ukapanda. Ukapanda tena. Ukafika pale, naye akangoja ukatike.

Haukukatika. Ulipita pale, ukaenda mahali ambapo hakuwahi kuusikia, ukazunguka, ukashuka kidogo kidogo hadi chini, ukaisha. Kukawa na mvua tu.

Kisha kutoka kwenye kopo mwanamke akauliza, kwa upole, kwa uchovu, kama anavyoulizwa mtu aliye upande wa pili wa chumba:

"Amelala?"

Humo ndani hakukuwa na mwingine wa kusikia. Swali lilikuwa la Redio.

Alipapasa ukingo wa meza hadi alipofika kwenye bega la Kimya. Akamtikisa. Mwili ulikwenda na kurudi kama gunia. Akaweka mkono mbele ya pua yake, akapata pumzi, ndefu, nzito, kisha pengo. Akangoja. Pengo lilikuwa refu mno. Pumzi nyingine ikaja, na baada yake pengo refu zaidi.

"Amelala?" mwanamke akauliza tena. Sasa kulikuwa na tumaini ndani ya sauti ile, la mtu anayetaka naye akapumzike.

"Hapana, mama," Redio alisema. "Hajalala. Ameshakua. Ni fundi sasa, ana duka lake, watu wanaleta simu wanamsubiri yeye. Huu si wakati wake wa kulala."

Mwanamke akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka akaletewa habari njema. Na kopo likanyamaza.

Kimya aliruka kutoka kitini kama mtu aliyeondolewa ukuta aliokuwa ameuegemea. Alikohoa, akahema. Akalinyakua kopo, akalibana mgongoni, kifuani, shavuni. Akalitikisa, spika zikacharaza kama kokoto. Kisha akaitafuta mikono ya Redio.

Umefanya nini?

Aliuliza swali. Nikamjibu.

Aliuliza nini?

Kama umelala.

Mikono ya Kimya ilisimama. Ilipoanza tena ilikuwa ya mtu mzima, ya haraka, na yenye hasira yote ya dunia. Alikuwa wangu. Nani alikutuma unijibie? Kabla Redio hajajibu Kimya alikuwa ameshatoka na kopo lake kwenye mvua.

Hakuja kesho. Hakuja wiki nzima. Redio alifungua duka kila asubuhi, akakaa kaunta akiwaambia watu ukweli, kwamba fundi hayupo na hajui atarudi lini. Asubuhi moja alisikia mguno anaoufahamu mlangoni. Mshauri aliingia, akapita hadi kwenye meza ya Kimya, akavuta kiti.

"Kama umekuja na habari za mishumaa, mzee..."

"Leo sikuja kama mshauri," alisema. "Nimekuja kama mkono. Nishikie hii bodi."

Redio akaishikilia bodi kwa vibano viwili, mshauri akachomelea kwa mkono wake mmoja, taratibu, akitukana kimoyomoyo kwa sauti inayosikika vizuri tu. Simu moja ilimaliza asubuhi yote. Mwenye simu alipoichukua alishukuru, akarudi baadaye na simu ya mkwe wake. Hivyo hivyo wakalipunguza lile rundo, na mishumaa haikutajwa tena.

Kimya alirudi siku ya soko. Redio alimjua kwa hatua zake, akamjua kwa harufu ya sabuni ya kunyolea. Hakuja na kopo, wala Redio hakumuuliza limeishia wapi. Mshauri alinyanyuka, akamwachia kiti. Kimya akaketi, akavuta simu iliyokuwa juu, akabadilisha spika. Hakuvaa glavu. Akaigusa kwa ncha ya kidole, akaisukuma kaunta.

Redio alisikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mchakacho wa laini tu.

Safi, alimwambia.

Kimya alishusha pumzi. Kisha akasogeza kiti chake hadi kwenye kaunta, akaichukua mikono ya Redio, na safari hii kwa adabu.

Sauti yake ilikuwaje?

Redio, ambaye hakuwahi kukosa la kusema juu ya jambo lolote, alikaa akawaza. Utamwelezaje sauti mtu ambaye hajawahi kusikia hata moja? Ya mtu aliyechoka, alisema mwishowe, lakini asiye na haraka.

Nzito?

Kiasi. Kama blanketi lililolowa maji ya vuguvugu.

Hiyo ni nzuri au mbaya?

Nzuri. Halafu akaongeza: nilipomwambia wewe ni fundi, alicheka.

Alichekaje?

Redio akakichukua kiganja cha Kimya, akakiweka chini ya koo lake, akacheka. Akatikisa kichwa, haikuwa hivyo. Akavuta pumzi, akajaribu tena, kwa chini zaidi, kwa uchovu zaidi. Kinyozi alifungua dirisha lake, akatoa kichwa na mkasi mkononi.

"Kulikoni tena huko?"

"Subiri, jirani," Redio alisema. "Bado sijaipata."

Mteja alikuwa amesimama mbele ya kaunta na simu iliyoanguka majini, inadondosha matone juu ya mbao. Aliwatazama, akaamua kungoja. Kimya alikibonyeza kidogo kiganja chake kilichokuwa chini ya koo lile, na kwa mkono wa pili akafanya ishara ndani ya kiganja cha Redio.

Tena.